Mwanya

Saa nane mchana, Julai, natambaa chini ya daraja
na rula ya chuma niliyoifunga kitambaa isiniunguze.
Baina ya kipande cha nne na cha tano
kuna mwanya.
Leo milimita ishirini na nane.
Januari ulikuwa sitini na moja.
Naandika, natia saini, Thuwaiba binti Hilal,
jasho linafuta tarakimu ya mwisho,
naandika tena.

Juu yangu njia mbili zimelala ubavu kwa ubavu
kama wake wenza waliochoka kugombana:
lami ya malori, reli ya mabehewa ya jasi.
Chini yangu, mto.

Nasema mto. Ramani inasema wadi.

Bibi yangu nilipomleta mara ya kwanza
alishuka garini, akashika ukingo, akachungulia:
changarawe, mbuzi watatu, tairi, mgunga mmoja.
"Mayi iko wapi?"
Yapo, Bibi. Siku tatu katika miaka miwili.
"Na meli?"
Hakuna meli.
"Sasa mmejenga daraja la kuvuka nini?"

Yeye alizaliwa Kindu, kwenye mto
ambao asubuhi za ukungu hauna ng'ambo,
meli ikipiga honi kabla haijaonekana
na baba yake akihesabu magunia ya mpunga gatini.
Kule waliwaita Wamanga.
Akaja huku na birika, mashuka mawili,
na Kiswahili chenye tope la mto ule.
Huku Sohar wakamwita Zinjibari,
mji ambao hajaukanyaga hata kwa ndoto.

Nilimweleza hesabu pale pale ukingoni.
Chuma hunenepa kwa joto, Bibi, hukonda kwa baridi.
Ukiviunga vipande vyote usiache nafasi
daraja litajikunja mgongo,
litavunja miguu yake lenyewe.
Ndiyo maana tunaacha mwanya.

Hakujibu. Alicheka tu,
nikauona katikati ya meno yake ya juu,
ule ule uliomfanya karani wa reli
asahau kumrudishia chenji,
kisha asahau njia ya kwao.
Ndiye babu yangu.

Wadi ikaja Aprili.
Mvua haikuwa yetu, ilikuwa ya milimani;
sisi tulikuwa chini ya nyota na chai mkononi.
Kwanza harufu. Kisha mngurumo,
malori mia yasiyo na taa.
Mofizul akapuliza filimbi, tukakwea ngazi
wa mwisho akiwa na kiatu kimoja.
Maji yakapita na mitende, na friji,
na mlango wa kijani komeo likiwa limefungwa.
Niliweka kiganja kwenye chuma.
Kilitetemeka, kikakaa.

Nikampigia Bibi, nikaielekeza simu chini.
Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.
"Huyu," akasema, huyu, kama mtu,
"sasa huyu ni mto."
Halafu:
"Lakini mbona mbio hivyo? Anamkimbia nani?"

Tangu hapo kila Ijumaa nimvushe.
Hukaa mbele, mkoba magotini, dirisha wazi
hata upepo ukiwa kama mdomo wa tanuri.
Kila tunapopita kiungo magurudumu hugonga,
ka-duk,
naye huhesabu kwa vidole.
Wa nne. Anageuka. "Hapa ndipo pako?"
Hapa ndipo pangu.

Leo treni imetukuta katikati,
mabehewa arobaini, vumbi jeupe la jasi.
Dereva akainua mkono.
Bibi akainua wake, juu kabisa, akaupunga taratibu
jinsi wanavyopunga watu wa gatini
wakiwa hawajui nani yumo melini,
na aliendelea kupunga behewa la mwisho limeshapita,
reli tupu, mbuzi kule chini.

Tulipofika ng'ambo nikawasha taa ya kushoto, twende nyumbani.
"Geuza," akasema.
"Upande ule wa pili sijauona."