Daftari la Korongo

Korongo letu halikuzaliwa korongo.
Mama alilivuka kwa hatua moja, mtungi kichwani:
njia ya ng'ombe tu, kwato zilizojaa maji.
Mwaka nilioolewa nililivuka kwa gogo.
Leo lori lingeingia humo lisionekane.

Mimi ndiye katibu.
Kurasa za mbele ni madeni ya duka la mume wangu,
za nyuma ni mawe.

Jumanne: watu thelathini na mmoja, safu moja.
Ijumaa: watu tisa. (Mnada Kibaigwa.)
Jumanne tena: Sechelela, mtoto mgongoni,
na Chilongani, asiyesemezana naye tangu kesi ya mpaka,
wakipokezana jiwe lilelile
bila kutazamana.

Kipimo chetu ni fito tatu, uzi,
na betri kuukuu ya redio ikining'inia.
Betri ikitulia, tunachomeka kijiti.
Kijiti kwa kijiti
mlima ukavaa marinda.

Visiki vya migunga vilivyochipua
tulivifunga vitambaa vyekundu, visikatwe:
khanga yangu niliyoichana, ile yenye maneno.
Kisiki kimoja kikabeba JIRANI,
kingine HAYAKUHUSU.

Ndicho alichokata.
Ukurasa wa kumi na saba, mwandiko umelala:
Mnyambi. Mkaa, magunia mawili. Faini, mbuzi mmoja.
Mnyambi ni kaka yangu.
Mbuzi alikuwa wa mama.

Tulimuuza, tukanunua sururu mbili na jembe.
Kaka hakuja Jumanne ile, wala iliyofuata.
Iliyofuata tena akaja, akashika sururu,
akaipapasa ncha kwa kidole gumba.
"Butu," akasema. Akaanza kuchimba.

Desemba mvua ilishuka usiku.
Tulitoka na tochi, magunia vichwani.
Safu ya tatu ilibomoka; nilisikia mawe yakikohoa.
Ya nne ikashika.
Maji yakasimama nyuma yake, mekundu,
kama mgeni aliyezoea kufukuzwa
asiyejua akae wapi.

Sasa ni Agosti, mto ni mchanga mtupu.
Mwaka jana tulichimba hadi kidevuni
ndipo tukapata tope la kuchuja kwa kitambaa.
Mwaka huu, kiunoni.
Nimeandika hivyo: kiunoni.
Bwana wa wilaya atataka mita, najua,
na aliyesimama shimoni, miguu majini,
akimpandishia Chilongani ndoo,
alikuwa Sechelela.
Kwa hiyo nimeongeza pembeni, kwa penseli:
Sechelela ni mfupi.