Ankara ya Umeme

Tartu, Februari. Theluji imeziba dirisha la jikoni.
Nimechonga penseli saba, kama kila siku;
sita sitazigusa.

Hadi saa nne, mimi na karatasi
twatazamana kama mdai na mdaiwa.
Basi nahamia kwenye viazi. Namenya,
maganda yaanguka sinki
mawili, moja, mawili,

na nyuma ya ukuta jirani yangu Endel akohoa
palepale nilipoikosa besi tangu Krismasi.

Mikono ina udongo. Naandika
nyuma ya ankara ya umeme,
maji yakipenya hadi tarehe ya mwisho wa kulipa.

Huenda kesho wakanikatia.
Wakiniuliza muziki naupata wapi
nitasema: mbinguni.
Asije Endel akadai chake.