Mizunguko Elfu Saba

Azzan, shika tochi. Hapana, chini zaidi,
mulika tumbo la mashine, si uso wangu.
Asubuhi, kabla hata ya salamu,
ulinambia imekufa nguvu. "Imekufa yenyewe," ulisema,
nami nikalisikia hilo *yenyewe*
likidondoka sakafuni kama nati.

Haya. Tulianza na petroli.
Niliimimina kwenye chupa ya maji, nikaiacha itulie:
haikujigawa. Hakuna maji chini, hakuna tope.
Plagi tatu, nikazifungua moja moja,
rangi ya biskuti, kavu, hazina masizi.
Kompresheni: mia na sabini, mia na sabini,
mia na sitini na nane.
Huo ni moyo wa kijana. Wako sidhani kama unaushinda.

Nje, Sawadi inaungua. Saa nne tu
na bati la gereji limeshaanza kulia, tak, tak.
Biju amekwenda Barka kutafuta barafu, hajarudi.
Shangazi yako Zuwena amepiga simu mara mbili
kwa Kiswahili chake cha Wete kisichoshika kutu:
wageni wa Ijumaa wameshalipa, fundi,
niwapandishe juu ya nini, juu ya mgongo wako?

Jana niliipanda mwenyewe. Nikabana mkono,
mshale ukaruka mpaka elfu saba,
injini ikanguruma kama mtu anayekwenda kudai deni,
na chombo kikajikokota
kama mtu anayekwenda kulilipa.

Hapo ndipo wengi hupotea.
Wanasikia kelele, wanadhani ugonjwa umo ndani ya kelele.
Wanabadilisha plagi, wanabadilisha betri,
wanamtuma mtu Dubai akaazime kompyuta.
Lakini injini inayopiga ukelele ule ni nzima, Azzan.
Mgonjwa hana sauti ya namna hiyo.
Uliza jambo moja: nguvu ipo,
je, inavujia wapi?

Lala chali. Pitisha mkono kwenye wavu.
Umegusa nini?
Uzi, ndiyo. Uzi wa gunia la tende,
umejifunga kwenye shafti mizungo isiyohesabika.
Kata. Polepole, vidole bado utavihitaji.

Ila uzi peke yake hauwezi kufanya haya.
Sogeza tochi. Ona panga, ncha zake zimeng'atwa.
Ona ringi inayolizunguka: mifereji, mifereji,
inakwaruza kama ulimi wa paka.
Kati ya panga na ringi usipite hata ukucha.
Hapa kinapita kidole changu cha mwisho, na pete yake.
Maji yanarudi kinyumenyume kwa mwanya huu,
panga linabaki kusokota povu,
na povu halijawahi kumsukuma mtu.

Na hizi? Kinga kiganja.
Kombe moja. Mbili. Ya tatu imevunjika.
Kule kwenye kina mashine haiokoti kombe.
Kombe zimo kwenye maji ya magoti,
pale ufukweni, mbele ya watu wenye simu mikononi,
mtu anapowasha kabla ya kusukuma
ili aondoke kwa kishindo.

Sikuulizi kitu.
Tochi inatetemeka yenyewe, naona.

Ringi mpya itatoka Maskati kesho, inshallah.
Kwenye risiti nimeandika: *ringi imeliwa, kazi riali kumi na nane.*
Imeliwa na nani, sikuandika.
Lakini shangazi yako ni mtu wa kuuliza,
na akiniuliza mimi, sina ulimi wa kumdanganya.
Basi zitie mfukoni kombe zako.
Ukimpelekea wewe, zitakuwa kombe tu.
Nikimpelekea mimi, zitakuwa ushahidi.

Haya, nipe spana ya kumi.
Hiyo ni kumi na mbili.