Trei ya Arobaini na Moja

Rasht, mvua haijakatika tangu Nowruz,
na katika kabati la baridi, nyuzi ishirini kamili,
nimeotesha weupe:
miche mia moja na kumi ya mpunga,
nyuzi za pamba zilizosimama wima.

Daktari Pourtahmasb alipita, akatupa jicho moja tu.
"Jani la tatu hailioni hii. Itupe."
Nikaandika *tupa* daftarini.
Sikutupa.

Mama yangu Golnesa, ambaye kiuno chake kimesomea Fuman
misimu arobaini ya kupandikiza, angeing'oa bila kupepesa.
"Mche usiokula jua," husema, "unamla jirani."

Lakini mimi nimeichungulia kwa hadubini.
Ndani ya kila seli plastidi zipo, zimejaa tele,
vibanda vyenye kuta, bila ngazi, bila rafu,
bila hata kopo moja la rangi.
Si kwamba zimekataa kazi.
Hazijaambiwa.

Zilikuja zamani zikiwa wageni, kila mmoja na kitabu chake.
Karne kwa karne zikamkabidhi mwenyeji kurasa,
leo hii, kesho ile,
hata zikabaki na sura chache
ambazo haziwezi kuzisoma mpaka kiini kimtume msomaji.
Na msomaji wa trei hii ana kasoro:
herufi moja, A mahali pa G, katika jeni moja.
Kwenye joto anasoma.
Kwenye baridi anajikunja, midomo inamfa ganzi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jani la kwanza lilikula wanga wa punje. La pili likakomba sufuria.
La tatu lingeshika jembe,
ila mwenyeji alikuwa mlangoni, analo mkononi,
na neno halimtoki.

Ijumaa usiku umeme ulikatika, ukarudi vibaya.
Kipoza kikanyamaza, hita ikakwama thelathini na moja.
Mlinzi Seyfollah alisikia mlio, akadhani ni chura.

Jumamosi, hakuna kitu.
Jumapili, nilijiambia ni macho yangu.
Jumatatu, kwenye kitako cha jani la tatu,
rangi ya ndimu changa,
kisha rangi ya kitu ambacho sina haja ya kukifananisha:
kijani.
Mia moja na sita. Minne ilikuwa imeshakufa.

Nilimpigia Mama, sauti inanitetemeka.
Akanyamaza. Nikasikia mvua ya kwake
ikigonga bati juu ya mvua ya kwangu.
"Kwa hiyo siku zote hizo," akasema,
"mlikuwa mnaitesa kwa baridi?"

Leo nimeigawa trei.
Hamsini na mitatu inabaki kwenye joto.
Hamsini na mitatu nimeirudisha nyuzi ishirini,
maana ushahidi wa usiku mmoja, tena wa hita mbovu,
hakuna atakayeupokea.

Majani mapya yanachomoza meupe.
Sijampigia tena.