Kitenzi cha Watu

Marehemu Vinko aliacha mizinga arobaini na miwili
na kompyuta moja
yenye rangi ya meno ya mvuta kiko.
Ipo bado, chini ya ngazi, katika nyumba yao juu ya Cerkno,
na theluji ya Machi inagusa dirisha
kama mtu asiye na haja ya kuingia.

"Itoe yaliyomo kabla haijakata roho,"
akaniambia Zdenka, shangazi ya mama.
"Vitu vyake vyote vimo humo, nami sijui mlango."

Mlango! Tundu la disketi limeziba vumbi.
Kisoma-diski kiling'oka nikiwa darasa la tatu.
Lakini nyuma, chini ya utando wa buibui,
palikuwa na tundu la mraba na kitaa cha kijani
kilichopepesa nilipochomeka waya,
jicho la mgonjwa aliyesikia akiitwa.

Laptopu yangu haikumtaka.
Salamu zake za kizamani, ilisema kwa namna yake,
lugha hiyo nimekatazwa, ni kwa usalama.
Na mzee hakuelewa mambo mapya:
kila nilichouliza alikijibu
kwa maandishi meupe juu ya buluu,
kisha kimya.

Usiku wa manane nikampigia mama, Ljubljana.
Akacheka. "Ile yangu ya chuo
niliiacha hukohuko, kabati la viatu."
Betri imekufa, herufi R imeng'oka,
ila inazijua lugha zote mbili.
Nikaiweka katikati. Ikapokea huku, ikakabidhi kule.

Haba na haba,
na kibaba chenyewe ni miaka kumi na sita.
Majina yanapita, herufi chache chache,
maana mashine ile ilikuwa bahili:
PANJ09, mzinga wa tisa.
MED99, asali.
ZIMA03, baridi.

Nikafungua moja. Kilo. Nyuzi joto. Upepo.
Halafu: *Februari 6. Amefariki malkia wa mzinga wa tisa.*
Kwa lugha yetu ng'ombe ana kitenzi chake cha kufa,
mtu ana chake;
nyuki wamepewa cha mtu.
Vinko hakuwahi kukosea hapo, hata alipoandika kwa haraka,
hata mwaka ule alipoandika kitenzi hicho
mara ishirini na saba katika wiki moja.

Asilimia tisini na moja. Ikagoma.
Diski ikatafuna kokoto.
Faili moja, MAJ11, haisomeki.
Rudia, ruka, ghairi?
Nilirudia mara kumi na moja.
Zdenka alikuja na chai, akainama, akasoma jina.
"Mei," akasema. "Ruka."

Nikaruka. Zilizobaki zikapita
kama ng'ombe aliyeziba lango amesukumwa kando.

Alfajiri kila kitu kipo mahali patatu:
kwangu, kwa mama,
na kwenye ghala la mashine katika nchi nisiyoijua.
Nilimweleza kwa fahari. Akakung'uta makombo mezani.
"Na ile?"

Isiyonakilika huenda ikaonekana.
Nikaiita kwenye kioo chake yenyewe.
Yeye akasoma kwa sauti, mimi nikaandika kwa penseli
nyuma ya kalenda ya duka la mbegu:

*Mei 14. Mvua. Kilo 31.*
*Mei 15. Mvua. Zdenka hajasema neno tangu Jumatatu.*
*Mei 16. Jua kidogo. Nyuki wametoka.*
*Naye ametoka. Amesi*

Kisha vinyota, vipembe, mikato,
takataka hadi chini ya kioo.

"Amesi nini?" nikauliza.
"Amesimama? Amesinzia?"

Akaninyang'anya penseli,
akalimalizia neno, kiganja kikiwa ukuta,
akakunja karatasi mara nne, mfukoni mwa aproni.

"Haya, izime."

Swichi ilikuwa ngumu. Alinionyesha:
kwa dole gumba, na kuinua kidogo, alivyofanya yeye.
Kioo kikafa. Feni ikaendelea kuzunguka kitambo
kwa mazoea tu.