Siku Tano, Ukikwaruza Umenunua

Twaibu wa barabara ya kumi na tatu
alinipa funguo na onyo kwa pumzi moja:
siku tano, ukikwaruza umenunua.
Milioni mbili na laki sita.

Nikaitazama. Ubao, usukani,
tairi mbili nene zenye meno,
betri imelala chini ya nyayo kama chatu aliyeshiba.
Kiti hamna. Unasimama wima
kama mtu aliyetoa takbira akasahau kurukuu.

Mimi ni mtu wa maziwa.
Pongwe, Marungu, Kirare, kurudi Pongwe,
madumu mawili ya lita kumi kumi
kati ya mistari ya mkonge isiyokwisha.
Karatasi ya kiwandani inasema kilomita sitini.
Karatasi haijawahi kubeba dumu.

Jumatatu dumu moja nililifunga shingoni mwa usukani,
la pili mgongoni, kwa kanga, kama mtoto.
Kilomita ya thelathini na nne
taa za betri zikabaki moja, inapepesa
kama koroboi iliyoishiwa mafuta.

Kilima cha kwa Semboja ilipanda.
Niseme haki: ilipanda.
Ilinung'unika kidogo, kisha ikapanda,
kama mjomba anayelipa deni.

Mchanga ni jambo jingine.
Karibu na Kirare tairi ya mbele ilielekea Pangani,
mimi nikaelekea Tanga.
Skuta haikukwaruzika. Niliikinga kwa muundi.
Muundi hauna bei.

Springi nilizipima kwa kipimo changu mwenyewe.
Kwa pikipiki, maziwa hufika kituoni
yakiwa na punje za siagi zinaelea,
barabara imeyasukasuka njia nzima.
Jumatano nikafungua kifuniko mbele ya Anzaruni, mpimaji.
Uso wa maziwa mtulivu, kama sinia lililooshwa.
Akachovya, akanusa, akanitazama:
"Leo umekuja kwa miguu?"

Lakini haina sauti.
Bibi Mwanjaa huamka kukamua
akisikia bomba langu la moshi likikohoa kule bondeni.
Alhamisi nilifika uani kwake kimya,
ng'ombe amelala, ndama amelala, bibi amelala,
jogoo peke yake ndiye aliyeniona.
Nikapiga hodi mara saba. Akatoka na panga.
"Mwizi ndiye huja bila kelele, mwanangu."
Nusu saa ikapotea. Hiyo nayo iandikwe.

Na usiku ule umeme ukakatika.
Ijumaa niliisukuma kutoka Marungu,
kilo arobaini na tatu, jua la saa nne,
watoto wa shule wakinisindikiza kwa ushauri.

Kidawa akafungua daftari.
Petroli, elfu sita na mia tano kwa siku.
Umeme wa luku, mia tisa.
Miezi kumi na minane, akasema, itakuwa imejilipa.
Nikafurahi mapema.
"Na betri inaishi muda gani?"
Nikampigia Twaibu. Miaka mitatu. Au miwili. Inategemea.
Inategemea nini?
"Inategemea wewe."
Betri mpya, milioni moja na laki mbili.
Kidawa akapiga mstari,
na chini ya mstari akaandika jina la binti yetu,
kidato cha kwanza, Januari.
Akafunga daftari, akaenda kuchambua mchele.

Jioni Twaibu aliizunguka na tochi, amechutama,
anatafuta mkwaruzo kama anayetafuta pete.
Hakuuona. "Vipi?"
Inapanda, nikamwambia. Inatunza maziwa.
Mchanga inauogopa, na karatasi yake inasema uongo.
Milioni moja na nusu, nachukua sasa hivi.
Akacheka mpaka akaegemea mlango.

Jumamosi nikawasha pikipiki kwa teke la nne.
Bibi Mwanjaa alikuwa keshasimama njiani na ndoo.
Kituoni Anzaruni akachovya, hakuuliza kitu.
Akaokota punje ya siagi kwa ncha ya kidole,
akaiweka ukingoni mwa meza,
upande wangu.