Kachiri za Chozi

Jina langu liko ukurasa wa tisa,
kati ya muuza matairi na wazoa taka:
Nyevu Mwachiro, Magongo, kachiri za muhogo,
shilingi laki mbili na elfu kumi na sita.
Mdai asiye na dhamana.
Nikamuuliza karani wa mfilisi, dhamana ndiyo nini?
Akasema, ni kitu chao ulichokishika
kabla ya kuwapa chako.
Nilishika mwiko, nikamwambia.
Hakuandika.

Walikuja na maputo.
Chozi, ndege mdogo wa bei ndogo,
Mombasa–Nairobi elfu mbili mia tisa,
manjano mbavuni kama leso isiyofuliwa bado.
Mbeyu wangu alikwenda kwa mahojiano ya kazi, jioni karudi,
akasema, mama, kachiri zetu
kule juu zinalia kuliko huku chini.

Pakiti mia na hamsini kwa siku.
Chengo na tuktuk yake, lango la mizigo, kabla ya adhana.
Mama mmoja wa Chaani alitaka ishirini kwa pakiti.
Gharama yangu ilikuwa kumi na saba na senti.
Nikasema kumi na nane.
Hakuna aliyenituma.

Kwa hiyo hesabu yao sikufundishwa;
ilikuwa yangu, imeota mabawa.
Mafuta kwa dola, tiketi kwa shilingi,
na shilingi haiamki ilipolala.
Ndege yenyewe ya kukodi, mwenyewe yuko Ailandi,
hulipwa kila mwezi, iruke isiruke.
Kutua, pesa. Kuegesha, pesa.
Na pale Miritini treni inabeba watu kwa elfu na kitu.
Mshindani akashusha bei, Chozi akashusha,
kama wachuuzi wawili Kongowea na mteja mmoja
mpaka nyanya zikawa sadaka.

Kwanza pakiti ikakonda, gramu arobaini hadi ishirini na tano.
Kisha ikauzwa, haitolewi tena.
Kisha wahudumu wakanipigia kwa simu zao:
Bi Nyevu, tuwekee mbili za watoto, mshahara bado.
Ndege ya saa moja ikawa ya saa nne.
Ankara yangu ikatimiza siku thelathini, sitini,
na Bwana Shallo wa ununuzi
akaacha kusema kesho,
akaanza kusema Mungu ni mwema.
Hapo nilijua.
Nikakaanga siku kumi na moja zaidi.

Jumanne ile nilikuta kaunta imezungukwa.
Bwana harusi na kanzu yake ndani ya nailoni.
Mzee na barua ya hospitali, anaisoma kwa sauti
kana kwamba kioo cha ratiba kina masikio.
Msichana wa kaunta, Mwanamvua, hakujibu matusi.
Alivua skafu ya manjano, akaikunja mara nne,
akaiweka juu ya mizani ya mizigo.
Ikasoma sufuri.

Neno ndege lina maana tatu:
wa mtini, ya chuma,
na ile ambayo bibi yangu, ikimlilia njiani,
alirudi nyumbani akavua viatu.
Ya tatu sikuiuliza bei.

Wiki mbili ilikaa uwanjani, midomo ya injini imefungwa turubai.
Ijumaa wakaja marubani wa mwenyewe, wageni, hawakula kitu.
Niliisikia nikiwa uani, mwiko mkononi.
Ilipaa tupu, nyepesi,
haidaiwi na kiti hata kimoja.

Mfilisi atalipa benki, atalipa uwanja, atajilipa.
Akifika ukurasa wa tisa, salamu zake.

Mifuko iliyobaki ni elfu mbili na kitu,
yote ina picha ya chozi, mdomo umepinda.
Naijaza, nauza kumi kumi shule ya Mwaponda.
Juzi mtoto akauliza, huyu ni ndege gani?
Chozi, nikasema.
Mbona halii?
Akampasua shingoni kwa meno,
akala.